Diski ya sisteme ikikufa, usikimbilie kufuta: namna ya kufufua serveri na kuokoa data



Wengi kati yetu, tuliosoma agronomi, afya, uchumi ao ualimu, tunatumika mu biro zenye serveri moja tu. Mara nyingi si mashine ya kutisha. Ni ordinatere iliyowekwa mu kona, iko na ondulere yake pembeni, haizimwi usiku, na kila mutu wa biro anaweka kazi yake ndani. Siku inakataa kuwaka, biro nzima inakaa kuangaliana. Siku hiyo, mara nyingi data zinapotea juu ya haraka ya yule anayekuja kutengeneza, na diski yenyewe ingali na mengi ya kuokoa.

Ninaandika hii kwa yule asiye teknisia wa informatiki lakini anaachiwa funguo ya serveri juu «yeye alisoma». Mimi pia ni enjenyere wa kilimo. Nitaeleza kwa utaratibu: kujua ni nini kimekufa, kuokoa kilicho hai, kisha tu kurudisha sisteme.

1. SERVERI IKO NA VITU VITATU NDANI

Cha kwanza ni sisteme, yaani programu mama inayowasha mashine: Debian, Ubuntu, Windows Server. Cha pili ni programu za kazi: ile inayopokea fomu kutoka simu za wanaotembelea mashamba, ile inayotunza hesabu, ile inayogawa dosye kwa kila mutu. Cha tatu ni data zenyewe.

Sisteme ni kama jembe. Likivunjika, unanunua lingine sokoni na linalima sawasawa. Data ni kama mbegu ya kienyeji ambayo bibi alichagua miaka na miaka. Ikiliwa na panya, hakuna soko inauza ingine. Vipimo vya mvua vya msimu wa 2022-2023 hapa Kamina, tarehe za kupanda mahindi, kilo za kunde zilizotoka mu kila kiwanja cha majaribio: mvua ile haitarudi ili tuipime upya. Sisteme ya bure kama Debian unaweza kuipata tena kila siku. Kwa hiyo kila hatua unayofanya, jiulize kwanza: hii inagusa jembe ao inagusa mbegu?

2. MFANO KUTOKA HAPA KAMINA

Biro moja ya mradi wa kilimo, ambayo sitataja jina, ilikuwa na serveri yenye diski mbili: SSD ndogo ya giga 240 yenye sisteme, na diski kubwa ya kuzunguka ya tera 2 ambayo wote waliita «diski ya data». Mwezi wa kwanza, kisha usiku wa mvua na radi, serveri ikakataa kuwaka. Kwenye ekra kulikuwa mistari mingi ya makosa, kisha kimya.

Teknisia aliyeitwa alisema neno ambalo wengi wenu mumekwisha kulisikia: «Diski inakufa, mama. Tunafuta, tunaingiza sisteme mupya, mu saa mbili tunamaliza. Data zenu ziko ku ile diski ingine, musiogope.»

Mama mwenye kusimamia biro alikubali kungoja siku mbili mbele ya kufuta, akaniita juu data za majaribio ndizo nilikuwa ninazitumia. Tulipochungulia tukakuta hivi: ku diski kubwa kulikuwa picha, ripoti za Word na kopi za barua. Lakini banki ya data yenyewe, ile inayopokea fomu zote kutoka simu, ilikuwa ku SSD, pamoja na sisteme.

Hilo si jambo la ajabu. Ukiingiza PostgreSQL ku Debian bila kubadilisha kitu, inaweka data mu /var/lib/postgresql. MySQL na MariaDB zinaweka mu /var/lib/mysql. Dosye hizo ziko ku diski ya sisteme, hata kama umenunua diski ya tera 10 pembeni. Kama tungefuta siku ile, misimu mine ya kazi ingekwenda na maji.

3. MBELE YA KUHUKUMU DISKI, ANGALIA VITU VYA BEI NDOGO

Hapa kwetu diski mupya mara nyingi inangojewa kutoka Lubumbashi, kwa treni ao kwa lori. Mbele ya kutuma makuta, hakikisha kweli diski njo ina shida.

Betri ya saa. Ku kadi mama ya ordinatere kuna betri ndogo ya duara, CR2032, ya volti 3. Ikiisha, na kurani ikikatika, mashine inasahau saa na mara ingine inasahau pia diski gani inapaswa kuanzia. Inaandika kwamba haioni sisteme, na watu wanasema diski imekufa. Dalili yake ni tarehe iliyorudi nyuma miaka mingi. Badilisha betri, ingia mu BIOS, rudisha utaratibu wa kuanza.

Kabule. Diski za SATA ziko na kabule mbili, ya data na ya kurani. Joto, vumbi ya kiangazi na kuhamisha meza vinazilegeza. Zima kabisa, toa plagi, chomoa kabule, pangusa, rudisha, ao jaribu kabule ingine.

Sanduku la kurani ndani ya mashine. Kama iliumia juu ya radi ao juu ya gurupu isiyotulia, diski nzima inaweza kuonekana mugonjwa. Jaribu diski mu mashine ingine.

Diski ya pili kukosekana. Mu faili /etc/fstab, Linux inaandika diski zote inazopaswa kufungua wakati wa kuwaka. Kama moja imechomolewa na haikuandikwa neno nofail pembeni yake, Debian inaweza kusimama katikati na kuomba neno la siri la root. Hapo sisteme iko mzima kabisa. Inangoja tu ile diski ingine.

4. KUULIZA DISKI YENYEWE

Kama hayo yote ni sawa, washa mashine kwa kle ya USB yenye sisteme ya uokozi. SystemRescue ni nzuri juu iko na vyombo vyote ndani bila kuomba intaneti. Mashine inawaka kutoka kle na diski zako hazifunguliwi bado.

Andika lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL,FSTYPE. Utaona kila diski, ukubwa wake, na nambari yake ya kiwanda. Andika nambari hizo ku karatasi. Usitegemee majina kama sda na sdb, juu yanaweza kubadilishana kila mashine inapowaka. Diski iliyokuwa sda asubuhi inaweza kuwa sdb kisha saa sita. Nambari ya kiwanda haibadiliki, na imeandikwa ku mugongo wa diski yenyewe.

Kisha andika smartctl -a /dev/sda (ao jina ingine uliloona). Diski inajitolea ripoti ya afya yake. Kwa diski za SATA, angalia mistari hii mine:

– Nambari 5: vipande vilivyoharibika ambavyo diski imekwisha kuvihamisha.
– Nambari 197: vipande ambavyo haiwezi kuvisoma vizuri na vinangoja hukumu.
– Nambari 198: vipande vilivyoshindikana kabisa.
– Nambari 199: makosa ya njiani, kati ya diski na kadi mama. Kama hii tu njo inapanda, shuku kabule kwanza.

Ikiwa 197 na 198 si sifuri na zinaendelea kupanda, diski inakwenda. SSD ziko na tabia mbaya zaidi: kila kiwanda kina nambari zake, na nyingi zinakufa bila kuonya. Leo inafanya kazi, kesho BIOS haiioni. Angalia pia dmesg: ukikuta «I/O error» mingi kwa diski ile ile, jibu umekwisha kupata.

Ku biro ile, SSD ilikuwa inaonekana bado, lakini ilikuwa inakwama kila inaposoma sehemu fulani. Hiyo ni hali ya bahati: mugonjwa angali anapumua.

5. KUOKOA: USIANDIKE KITU KU DISKI MUGONJWA

Sheria ni moja: diski inayokufa inasomwa tu, tena mara chache iwezekanavyo. Usiendeshe fsck juu yake. Fsck inatengeneza kwa kuandika, na ku diski inayooza inaweza kuvuruga hata kilichokuwa mzima. Usifungue dosye moja moja kwa kuzikopi na mouse. Kila kusoma ni pumzi inayotoka.

Chukua diski ingine yenye nafasi kubwa kuliko ile mugonjwa, na utengeneze picha nzima kwa chombo kinachoitwa ddrescue (ku Debian kifurushi chake kinaitwa gddrescue):

ddrescue -d -n /dev/sda /mnt/kopi/sisteme.img /mnt/kopi/sisteme.map

Chombo hiki kinaanza kuchukua sehemu zilizo rahisi kusoma, kinaruka zile ngumu. Kisha unakirudisha mara ya pili kigombane na zile ngumu:

ddrescue -d -r3 /dev/sda /mnt/kopi/sisteme.img /mnt/kopi/sisteme.map

Hakikisha mara tatu jina la diski inayosomwa na mahali pa kuandika. Ukizigeuza, unafuta kwa mikono yako.

Ile faili ya mwisho, sisteme.map, njo rafiki yetu watu wa Kamina. Ndani yake ddrescue inaandika ilipofika. Kurani ikikatika katikati, hupotezi kazi. Ikirudi unaandika amri ile ile na inaendelea pale ilipoachia. Siku ile kurani ilikatika mara tatu. Tulimaliza usiku, na picha ilitoka karibu yote. Vipande vichache vilivyokosekana vilianguka mu faili za kumbukumbu za sisteme ambazo hakuna mutu alikuwa anazihitaji.

Toka hapo, funga ile SSD mu bahasha, andika tarehe, usiiguse tena. Unafanya kazi ku picha, unaifungua kwa kusoma tu:

losetup -r -f -P --show /mnt/kopi/sisteme.img
mount -o ro,noload /dev/loop0p2 /mnt/zamani

(Nambari za loop na p2 zinaweza kuwa tofauti kwako, lsblk itakuonyesha.)

Vitu vya kutoa mu sisteme ya zamani:

– /etc nzima: mipangilio ya kila programu iko humo, pamoja na fstab.
– /home na /root: watu wanaacha mengi humo.
– /var/lib/postgresql ao /var/lib/mysql: banki za data.
– /var/spool/cron: kazi zinazojiendesha usiku.
– /usr/local, /opt na /srv: programu zilizoingizwa kwa mukono.
– /var/lib/dpkg/status: orodha ya vifurushi vyote vilivyokuwa ndani na namba za toleo zao.

Kama biro ilitumia Docker, ongeza /var/lib/docker/volumes.

6. SASA NJO KUINGIZA SISTEME MUPYA

Diski mupya ikifika, fanya kwanza jambo la mikono: zima mashine na uchomoe ile diski kubwa ya data. Iweke pembeni. Programu ya kuingiza sisteme itauliza «tuandike ku diski gani?», na kama kuna moja tu ndani, hakuna namna ya kukosea. Dakika mbili za bisibisi zinakupa usingizi.

Pili, chagua toleo. Hapa wengi wanateleza. Unataka kuweka Debian ya karibuni, ni haki. Lakini PostgreSQL haikubali kufungua dosye ya data ya toleo kubwa lingine. Debian 11 inakuja na PostgreSQL 13. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, inakuja na PostgreSQL 15. Ukiweka dosye ya 13 mbele ya 15, inakataa kuwaka na kuandika kwamba faili hazipatani na serveri. Mutu anaogopa, anadhani data zimeoza. Hapana, ziko mzima. Njia yake ni hii: washa dosye ya zamani kwa toleo lile lile la zamani, toa data zote mu faili ya maandishi kwa pg_dumpall, kisha uziingize mu toleo mupya. Ku biro ile tuliweka Debian 11 ku ordinatere ingine ya kuazima, tukatoa data humo, ndipo tukaziingiza mu serveri mupya yenye Debian 12.

Tatu, wenye mali. Linux inajua mwenye faili kwa nambari, haimjui kwa jina. Mutumiaji aliyekuwa 1001 ku sisteme ya zamani anaweza kuwa 1003 ku mupya, na dosye zake zinaonekana za mutu mwingine. Linganisha /etc/passwd ya zamani na ya mupya mbele ya kulalamika kwamba «dosye hazifunguki».

Nne, rudisha diski ya data. Mu /etc/fstab iandike kwa UUID yake, ambayo blkid inakuonyesha, na uongeze nofail. Kama zamani kulikuwa diski mbili zilizounganishwa kwa RAID ya Linux, usitengeneze RAID mupya juu yao! Andika mdadm --assemble --scan na zitajitambua zenyewe. Kwa LVM ni vgchange -ay. Neno la «kuunda» likitokea ku ekra mahali ulitaka «kukusanya», simama.

Tano, usisome /etc ya zamani na kuimwaga yote juu ya mupya. Toa mipangilio moja moja, programu moja moja, huku unajaribu.

7. KUJUA KAMA KWELI IMEPONA

Serveri kuwaka si uponyaji. Izime na kuiwasha mara mbili. Chomoa plagi ya ukutani uone kama ondulere inaishika. Kisha hesabu: banki ya data ina fomu ngapi? Linganisha na ripoti ya mwisho iliyochapishwa ku karatasi. Chagua walimaji kumi, fungua kiwanja cha kila mmoja, linganisha na daftari la shamba. Ku biro ile daftari zilikuwa bado mu kabati, na hesabu zililingana. Daftari lile la karatasi, ambalo vijana wanalicheka, lilikuwa shahidi peke yake tuliyekuwa naye.

8. ILI SIKU INGINE ISIWE MSIBA

Unaweza kuweka sisteme ku diski mbili ndogo zinazofanana, RAID 1. Moja ikifa, ingine inaendelea, na biro haisimami. Lakini RAID haina kazi ya kopi ya akiba. Ukifuta faili, inafutika ku zote mbili mara moja. Radi ikipiga mashine, inapiga zote.

Kopi ya akiba ni hii: kopi tatu za data, ku vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Kwa biro ndogo inatosha pg_dump kila usiku ku diski ya USB, na diski ya pili inayobadilishana kila juma na kulala mahali pengine.

Na kopi ambayo haijajaribiwa ni imani tu. Hata wakubwa wanaanguka. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandika programu wa dunia nzima, ilifuta kwa bahati mbaya banki yake ya data. Walipokimbilia kopi za pg_dump wakakuta hazipo: pg_dump iliyotumiwa ilikuwa ya toleo 9.2 wakati banki ilikuwa 9.6, ilikuwa inashindwa, na barua za kuonya hazikufika kwa mutu. Waliokolewa na kopi ingine iliyochukuliwa karibu saa sita mbele. Tatizo la toleo lisilopatana, lile lile nimeeleza hapo juu.

Jambo la mwisho ni la mazingira yetu. Mafundisho mengi yanasema «pakua tu kutoka intaneti». Siku ya shida, hapa Kamina, utakuwa unanunua mega za simu na antene inalegea. Pakua leo, wakati uko na muda ao ukienda Lubumbashi: SystemRescue, na DVD ya kwanza ya Debian unayotumia, karibu giga 4. Ile ndogo inayoitwa netinst inaomba intaneti katikati ya kazi. DVD inaweza kumaliza sisteme ya msingi bila intaneti. Chukua pia vifurushi vya programu zenu za kazi. Weka yote ku kle mbili.

Ukienda kazini wiki hii, fanya vitu vitatu. Andika lsblk na uchore ku karatasi ni diski gani ina nini, na nambari zao za kiwanda. Tafuta banki yenu ya data inalala ku diski gani kweli, usiridhike na jina ambalo watu wanaita. Kisha chukua kopi ya jana na uifungue mu ordinatere ingine. Kama inafunguka na hesabu zinalingana, weka karatasi ile mu bahasha, uibandike ndani ya mulango wa kabati, na uonyeshe mwenzako mmoja mahali iko. Yeye njo atakuwa zamu siku wewe uko shamba.